Tumeweka wiki ya nyaraka za timu, mwezi wa 8 sasa na wanaoandika ni wawili tu. Tatizo ni programu au ni watu?

#1 Mtunza Nyaraka
Habari zenu wakuu, naingia moja kwa moja. Timu yetu tuko 14, kazi yetu kubwa ni makaratasi: miongozo ya kazi, kumbukumbu za vikao, ripoti ya kila mwezi, fomu. Zamani kila kitu kilikuwa kinazunguka kwenye imeili, faili moja la Word linaondoka peke yake linarudi na ndugu zake watano, ripoti_mwisho, ripoti_mwisho_kweli, ripoti_HII_NDIYO, na siku ya kuwasilisha hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe. Kuna mwezi tuliwasilisha isiyo yenyewe. Niliumia sana maana zile namba zilizokosewa nilishazirekebisha kwa mkono wangu, ila kwenye kopi nyingine.

Ndo nikapigania tuwe na wiki. Tukapata, inafunguka kwenye brauza, kila ukurasa una kitufe cha hariri na una historia yake, unaona nani kabadili nini saa ngapi, na ukurasa ni mmoja tu hakuna mambo ya kopi. Nikajua tumemaliza. Sasa nimefungua mabadiliko ya karibuni, miezi 8 yote majina ni mawili, mimi na dada mmoja wa masjala. Wale 12 wakiona kosa wananitumia WhatsApp "mwongozo wa safari, aya ya pili, badilisha tarehe". Namuuliza mtu si ubadilishe mwenyewe, anajibu "ah, nitaharibu".

Naombeni uzoefu wenu, hasa mliofanikiwa.

#2 Kidole Gumba
Wiki mwezi wa 8? Yaani nilidhani wiki zinakaa nne kwenye mwezi 😀😀

#3 FundiSeva
Mkuu kabla hujalaumu watu sema kwanza wanaandikia kwenye nini. Kama mtu akibonyeza hariri anakutana na mabano mraba mawili mawili na alama za sawasawa kabla na baada ya kichwa, huyo aliyekulia kwenye Word anafunga dirisha hapo hapo. Na hapo hajafika kwenye jedwali. Jedwali la MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, linaanza na bano la mawimbi na mstari wa wima, kila safu mstari na kistari, ukisahau alama moja jedwali zima linamwagika chini ya ukurasa. Kile kihariri cha kuona moja kwa moja, VisualEditor, Wikipedia walianza kukisambaza kwa watu wengi 2013, na wanaojiwekea MediaWiki wenyewe ni hadi toleo 1.35 la mwaka 2020 ndo kimekuja ndani ya furushi. Kabla ya hapo ilibidi usimamishe huduma nyingine pembeni, na ofisi nyingi hazikuwahi kufanya hivyo. Watu wako wanaogopa alama, hawaogopi wiki.

#4 Mtunza Nyaraka
Asante #3. Jina la programu naliacha nisije nikageuza uzi kuwa wa mashabiki, ila kihariri chenye vitufe kipo na nimewawashia wote 14. Dada wa masjala ndiye anayeandika kwa alama, kwa kupenda mwenyewe. Wengine wana vitufe kama vya Word kabisa na bado hawagusi.

#5 Bi Mhariri
Basi alama si jibu. Nimesimamia nyaraka muda mrefu na nakwambia tatizo ni adabu. Kwenye faili la imeili mdogo anaweka maoni pembeni, "naomba kushauri", mkubwa anaamua. Wiki inamwambia mdogo futa sentensi ya bosi wako, sasa hivi, na jina lako libaki kwenye historia wote walione. Nani atafuta? Kwetu binti mmoja aliona kiwango kimekosewa kwenye mwongozo, akakaa nacho wiki tatu (wiki za kalenda #2, usianze), kisa ukurasa uliandikwa na mkuu wa kitengo. Alikuja kuniambia kwa kunong'ona.

Tulichofanya ni kuhalalisha ukurasa wa majadiliano. Kila ukurasa kwenye MediaWiki una mwenzake wa majadiliano, ofisi nyingi hawaujui kabisa. Tukasema asiyetaka kugusa aandike kule. Waliandika. Ila sikufichi, wengi wamebaki kule kule kwenye majadiliano, hawakuvuka kuja kuhariri.

#6 Kalamu ya Risasi
Mnazunguka bure. Hii kitu waliibuni watu wa Wikipedia kwa ajili ya kamusi elezo, watu wasiojuana wanaandika kuhusu dunia. Nyaraka za ofisi hazikuwa kwenye hesabu zao. Ni kama umevaa kiatu cha mtu mwingine halafu unauliza mguu una shida gani.

#7 Babu Kompyuta
Kalamu mjukuu wangu hapo umeteleza. Wikipedia imeanza Januari 2001 na haikubuni wiki, iliazima. Wiki ya kwanza ni ya Ward Cunningham, Marekani, tarehe 25 Machi 1995, WikiWikiWeb, ya watu wa programu kuandikiana namna nzuri za kuunda programu. Wikipedia yenyewe ilianzia kwenye UseModWiki ya Clifford Adams, imeandikwa kwa lugha ya programu ya Perl, ile ya lugha ya PHP aliyoandika Magnus Manske imeingia Januari 2002. Na miaka mitatu kabla ya hiyo kamusi elezo yako, 1998, Peter Thoeny alishaanzisha TWiki ambayo ililenga makampuni hasa. Kwa hiyo ofisi ilikuwemo tangu zamani.

Ila umegusa kitu. Watu wa Cunningham walikuwa kundi la wanaofanya kazi moja na wote wanaandika kila siku. Wiki ilikuta mazoea ya kuandikiana, haikuyaleta. Ukiiweka mahali ambapo watu wawili tu ndo huwa wanaandika, itakuonyesha majina mawili. Inakuonyesha ofisi ilivyo.

#8 Kidole Gumba
Babu na hilo jina wiki maana yake nini

#9 Babu Kompyuta
Kihawaii. Wiki wiki ni haraka haraka. Alilitoa kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu lililokuwa linaitwa hivyo.

#10 Kidole Gumba
Haraka haraka!! Sasa mkuu #1 unashangaa nini na wewe unajua haina baraka 😂 uzi ufungwe

#11 Mkimya
Usifungwe nina langu. Mimi nilikuwa mwandishi mzuri tu wa wiki ya kazini kwetu na niliacha, na sababu yangu hakuna aliyeitaja. Niliandika sehemu nzima ya taratibu za mapokezi, kama dakika 40 hivi, nabonyeza hifadhi naambiwa mtu mwingine ameubadilisha ukurasa wakati unaandika, sanduku juu sanduku chini, maneno yangu chini, ya mwenzangu juu, nikabonyeza nilichodhani ni sahihi na kazi yangu ikapotea. Tangu siku hiyo naandika kwenye Word namtumia mtu apesti. Sio uvivu wala sio adabu dada #5, nilipoteza kazi.

#12 FundiSeva
Pole sana #11, hiyo inauma. Wiki nyingi haziandiki pamoja kwa wakati mmoja kama Google Docs. MediaWiki inamwachia kila mtu aandike kwake, mkihifadhi inajaribu kuunganisha, mmoja akiwa kagusa aya ya juu na mwingine ya chini hata hamjui kama mlikutana. Mkigusa mstari ule ule ndo inakuletea masanduku mawili uchague. DokuWiki, programu nyingine ya wiki, yenyewe inaweka kufuli, ukifungua kuhariri mwenzako anakuta kumefungwa.

#13 Daftari Kuu
Hiyo ya kufuli ndo mbaya zaidi, mtu anafungua kuhariri anaenda kula, ukurasa umefungwa hadi atakaporudi.

#14 FundiSeva
Hapana mkuu, kufuli la DokuWiki lina muda, wasimamizi wasipoubadilisha ni dakika 15, linaachia. Na ulichokuwa unaandika kinawekwa kama rasimu, ukirudi unakikuta. Dawa ya #11 ni kuhariri sehemu kwa sehemu, kuna kahariri kadogo pembeni ya kila kichwa, na kuhifadhi mara nyingi. Usikae dakika 40 na sanduku wazi.

#15 Mkimya
Asante. Ila hayo yote alipaswa kuniambia mtu siku ya kwanza, sio baada ya kupoteza.

#16 Kalamu ya Risasi
Babu nimekubali marekebisho ya #7 🙏🏾 Sasa nauliza, kwa nini tusihamie tu kwenye zile za kuandika pamoja moja kwa moja, kila mtu anaona kidole cha mwenzake kinavyotembea? Kila alichosema #11 kinaisha.

#17 Babu Kompyuta
Kanuni za kompyuta za kuandika pamoja zipo tangu 1989, za watafiti Ellis na Gibbs, si jambo jipya. Na Google walileta Wave 2009, ujumbe, hati na mazungumzo kwenye sehemu moja, herufi kwa herufi unaona mwenzako anaandika. Agosti 2010 wakatangaza hawaiendelezi tena, watu hawakuipokea kama walivyotarajia. Kuandika pamoja kunasaidia nyaraka changa, ile saa moja ya kuichapa rasimu mkiwa watu watano. Nyaraka ikishakomaa unahitaji vitu vingine: anwani moja isiyohama, linki kutoka ukurasa hadi ukurasa, na historia inayosomeka. Tatizo la #1 sioni kama liko kwenye saa ya rasimu.

#18 Bi Mhariri
Halafu sio kila mtu anataka kuonekana anavyofuta na kuandika upya. Mimi mwenyewe nikiona kuna mtu kwenye hati vidole vinaganda.

#19 Daftari Kuu
Narudi na langu kubwa. Mkuu #1 jibu swali moja tu: ripoti ya mwezi ikiisha, bosi anaisomea wapi?

#20 Mtunza Nyaraka
Anataka Word kwenye imeili. Halafu anaichapisha, anaandika kwa kalamu juu yake, ananirudishia karatasi, mimi naingiza kwenye wiki.

#21 Daftari Kuu
BASI. Umejibu uzi wako mwenyewe. Nyaraka yenye nguvu ni ile inayosainiwa, na inayosainiwa iko kwenye imeili. Wiki yenu ni kabati la kutunzia kopi. Watu 12 sio wajinga, wanaona mahali uamuzi unapofanyika wanapeleka nguvu huko. Kwetu ilibadilika siku mkuu aliposema kikao hakianzi mpaka ajenda iwe kwenye ukurasa, na akawa anaifungua ukutani, mtu akisema "niliituma kwa imeili" anaambiwa iweke tunasubiri. Wiki mbili tu.

#22 Kidole Gumba
Wiki mbili 👀

#23 Daftari Kuu
Siku 14 basi!

#24 FundiSeva
Bosi kama hataki brauza mpe Word yake bila kupoteza muda. Pandoc ya John MacFarlane inasoma ukurasa wa MediaWiki au wa DokuWiki inatoa docx, jedwali na vichwa vyote. Sio lazima upesti kwa mkono.

#25 Daftari Kuu
FundiSeva hapo unamsaidia bosi asihame. Ukimlainishia hivyo karatasi itaendelea kumrudia #1 miaka yote.

#26 Msomaji Tu
Mimi ni kati ya wale 12 wa ofisi nyingine, nisikilizeni na mimi. Siandiki kwa sababu sijui niandike WAPI. Nafungua wiki yetu naona kurasa mia na kitu, kuna "Taratibu za Likizo", "Likizo - taratibu", "Mwongozo wa likizo mpya". Ipi? Natafuta zinakuja zote tatu. Naogopa kuongeza ya nne. Ile siku tuliyofundishwa tulionyeshwa jinsi ya kukoza maandishi na kuweka picha, hakuna aliyetuonyesha ramani ya nyumba.

#27 Babu Kompyuta
Huu ndo ugonjwa wa wiki kuukuu, na bora #26 umeusema kutoka upande wa msomaji. Wiki haina folda za kukulazimisha upange, ukurasa unazaliwa popote. Kuna kurasa yatima, hakuna ukurasa mwingine unaoelekeza kwake, MediaWiki ina orodha yake maalumu unaweza kuifungua leo. Kuna linki nyekundu, ukurasa ulioahidiwa haujaandikwa. Kuna kuelekeza upya, hizo likizo zako tatu mbili ziwe mlango tu wa kukupeleka kwenye moja. Hayo yote yanahitaji mtu mwenye kazi hiyo, saa mbili kila wiki (kaa kimya Kidole) akipita anang'oa magugu. Ofisi zinanunua seva, zinasahau kumpa mtu hizo saa mbili. Wasiopenda uhuru huo kuna programu kama BookStack, yenyewe inakupa mpangilio wa rafu, kitabu, sura, ukurasa. Wengine wanaipenda kwa hilo hilo.

#28 Bi Mhariri
Magugu sawa babu, ila mpandaji wa ile "Mwongozo wa likizo mpya" kwa nini hakuhariri ule wa zamani? Alikuwa anaogopa kugusa wa mtu. Tumerudi kwenye namba 5.

#29 Msomaji Tu
Au hakuuona dada. Mimi nisingeuona.

#30 Kalamu ya Risasi
Niongeze la siri. Sisi watu walisusa baada ya mtu kupesti tathmini za wafanyakazi kwenye ukurasa aliodhani umefichwa. Ulifichwa kweli kwenye menyu, ila kwenye kutafuta ulionekana na maneno yake. Kuanzia hapo kila mtu anaiona wiki kama ubao wa matangazo.

#31 FundiSeva
Hili naomba wote mlisome taratibu. MediaWiki unaweza kuifunga nzima, asiye na akaunti asisome hata herufi, hiyo inafanya kazi vizuri. Kuficha ukurasa mmoja mmoja kwa mtu mmoja mmoja, waundaji wake wenyewe wanaonya kwamba haikuundwa kwa hilo. Maneno yanaweza kuvuja kwenye kutafuta, au mtu akauita ukurasa uliofichwa ndani ya ukurasa wake kama kiolezo. Mkihitaji ruhusa za ukurasa kwa ukurasa DokuWiki na XWiki wana hizo ruhusa ndani yake. Au mweke wiki ya pili kabisa ya mambo ya siri. Na ukishapesti siri mahali pasipo pake kufuta maandishi haitoshi, toleo la zamani liko kwenye historia, lazima msimamizi alifiche na lenyewe.

#32 Mkimya
Na bakapu jamani, hakuna aliyetaja. Rafiki yangu wa karibu alikuwa anachukua bakapu ya databesi kila usiku, kwa uaminifu kabisa. Seva ikafa. Akarudisha databesi, maneno yote yapo, historia ipo, picha na michoro na fomu zote zilizopakiwa hakuna hata moja, maana hizo zinakaa kwenye folda ya mafaili nje ya databesi.

#33 FundiSeva
Ndiyo. MediaWiki ni vitu vitatu: databesi, folda ya images, na faili la mipangilio LocalSettings.php. DokuWiki haina databesi, kila ukurasa ni faili la maandishi, unabeba folda ya data na ya conf (mipangilio) umemaliza. Na jaribuni kurudisha kabla hamjapata shida.

#34 Kidole Gumba
Sasa nauliza kwa dhati, lugha je? Yetu vitufe vyote vilikuwa Kiingereza, tulipobadilisha kwenye mapendekezo ikawa Kiswahili, hariri, historia, majadiliano, mama mmoja wa stoo akaanza kuandika siku ile ile.

#35 Bi Mhariri
Hii nzuri. Tafsiri za MediaWiki zinafanywa na watu wa kujitolea kwenye translatewiki.net, yeyote anaweza kuongeza.

#36 Msomaji Tu
Kwetu ilikuwa kinyume, tulizoea "save" tukakuta neno jingine tukapotea, tukarudisha 😅 kila ofisi na yake.

#37 Mtunza Nyaraka
Wakuu nimerudi, nashukuru sana kwa wote, nimesoma kila mstari. Nimejaribu vitu viwili. Nimeweka ajenda kwenye ukurasa kama alivyosema #21, bosi kakubali kikao kimoja tu cha majaribio. Na mtu aliyenitumia WhatsApp nikamfuata mezani kwake, nikamwambia bonyeza mwenyewe nipo hapa. Akabadilisha tarehe, akacheka, akasema kumbe.

Kwenye mabadiliko ya karibuni majina sasa ni manne. Ila huyo wa nne alifuta nusu ya mwongozo wa safari, nadhani kwa bahati mbaya. Nikarudisha kutoka kwenye historia, sekunde chache tu, hakuna kilichopotea. Tangu siku ile hajaingia tena.

#38 FundiSeva
Huo mwongozo una jedwali?

#39 Mtunza Nyaraka
Mawili.

#40 FundiSeva
Nilisema mimi. Kajaribu kufuta safu moja jedwali likaondoka na kila kitu.

#41 Daftari Kuu
Au hajaingia kwa sababu kikao cha majaribio kimepita na bosi karudi kwenye imeili yake. Ulisema kimoja tu.

#42 Bi Mhariri
Mtunza, uliporudisha, kwenye kile kisanduku cha muhtasari wa mabadiliko uliandika nini?

#43 Mtunza Nyaraka
Niliandika "nimerudisha, kuna mtu kafuta nusu ya ukurasa bila kuangalia".

#44 Bi Mhariri
Na jina lake liko mstari wa chini yake.

#45 Mtunza Nyaraka
Liko. Nimejaribu kuubadilisha huo muhtasari sasa hivi, haukubali ukishahifadhi. Ngoja nimpigie simu.